Kitabu cha Adhabu na Mipaka ya Nidhamu Shuleni

Mwanafunzi wa Tanzania Bara anayechaguliwa kuingia kidato cha kwanza huzipata sheria za shule kabla hajaiona shule yenyewe. Zimo ndani ya maelekezo ya kujiunga, zile karatasi ambazo mzazi huzipokea pamoja na orodha ya sare, madaftari, fagio na ndoo na, kwa shule za bweni, godoro na shuka. Mwishoni huwapo fomu ambayo mwanafunzi hutia saini kukubali nafasi yake na kuahidi kutii, na mzazi naye hutia saini chini yake. Wengi husaini haraka, akili ikiwa kwenye bei ya sare. Karatasi hiyo inastahili kusomwa taratibu, kwa sababu huko mbele ndiyo itakayotolewa mezani siku mtoto atakapoitwa ofisini na mzazi wake.

Sheria zenyewe huwa na sehemu mbili. Ya kwanza ni ya mwenendo wa kila siku: kuwaheshimu walimu, wafanyakazi wasio walimu na wanafunzi wenzake, kuhudhuria vipindi vyote, kuwahi, kumaliza kazi anazopewa ndani na nje ya darasa, kutotoka nje ya mipaka ya shule bila ruhusa, kuvaa sare na kutunza usafi wa mwili, nguo na mazingira. Ya pili ni ya makosa yanayoweza kumfukuzisha mtu shule: wizi, ulevi, bangi na dawa nyingine za kulevya, kupigana, kuharibu mali kwa makusudi, kudharau bendera ya Taifa, kuoa au kuolewa, kugoma au kuchochea mgomo, na kukataa adhabu. Shule nyingi siku hizi huongeza simu ya mkononi.

Ukizisoma sehemu hizo mbili pamoja, unaona pengo kubwa katikati. Wapo wanafunzi ambao hawajaiba wala kuvuta bangi, lakini wanachelewa kila Jumatatu, wanajibu ovyo, wanasinzia kipindi cha hesabu au wanawasumbua wadogo bwenini. Karatasi haisemi hawa wafanywe nini. Imeachiwa busara ya walimu, na humo ndimo ilimo sehemu kubwa ya kazi ya nidhamu, pamoja na sehemu kubwa ya malalamiko yake.

Kazi hiyo ina ngazi zake. Chini kabisa wapo viranja, wakiongozwa na kaka mkuu na dada mkuu. Mwalimu akitoka darasani, kiranja huandika majina ya wapiga kelele. Asubuhi getini, mwingine huandika waliochelewa. Juu yao yuko mwalimu wa zamu, ambaye kwa wiki nzima hugonga kengele au kuamuru igongwe, hukagua usafi, husimamia mstarini asubuhi na hujaza taarifa ya siku. Mwalimu wa darasa ndiye mwenye daftari la mahudhurio, na kwa hiyo ndiye wa kwanza kujua kwamba mtoto fulani hajaonekana tangu Jumanne. Mwalimu wa nidhamu hupokea kesi zilizowashinda wengine. Mwalimu mlezi, pale alipo, husikiliza yale ambayo mwanafunzi hawezi kumwambia mwalimu wa nidhamu. Juu yao wote yuko mkuu wa shule, au mwalimu mkuu kwa shule za msingi, na nyuma yake bodi ya shule kwa sekondari na kamati ya shule kwa msingi.

Ngazi hii imepangwa vizuri, ila ina udhaifu wake kwenye kipandio cha chini. Orodha ya kiranja haina ushahidi wala utetezi. Mtoto anaweza kuandikwa kwa sababu alikataa kumwazima mwenzake kalamu. Mwalimu makini huipokea orodha hiyo kama taarifa ya kuchunguzwa, akauliza maswali mawili matatu kabla ya kuchukua hatua. Mwalimu aliyechoka, mwenye wanafunzi themanini mbele yake, huwaita wote waliomo na kuwaadhibu kwa pamoja. Kiranja hapo amegeuka hakimu bila kujua, na wenzake wanajifunza kumwogopa badala ya kuiheshimu sheria.

Adhabu za makosa madogo kwa kawaida ni kazi: kufagia, kupiga deki darasa, kuokota taka, kufyeka nyasi, kumwagilia bustani, kusafisha vyoo. Zinaonekana nyepesi na zina faida kwa shule, lakini zina historia inayostahili kukumbukwa. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alipotoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, alitaka shamba na kazi za mikono ziwe sehemu ya elimu yenyewe, na alitaka wanafunzi washiriki kuamua mambo ya shamba lao: walime nini na mapato yatumikeje. Kazi ilikusudiwa kumpa mtoto heshima. Shule inapolitumia jembe kama chombo cha kumwadhibu mkosaji, mtoto anafundishwa kwamba kulima ni fedheha ya waliokosea. Walimu wenye uzoefu hulikwepa tatizo hili kwa kuilinganisha kazi na kosa. Aliyechafua ukuta anaupaka chokaa, aliyevunja dawati anamsaidia fundi kulitengeneza, aliyekosa kazi ya nyumbani anabaki baada ya kengele kuimaliza. Kwa njia hiyo mtoto anarekebisha alichoharibu, na kosa linakwisha pale pale.

Viboko ni habari nyingine, na ndiyo sehemu ya nidhamu ambayo wengi wanaizungumzia kwa uhakika bila kuijua sheria yake. Sheria ya Elimu Na. 25 ya 1978 ilimpa waziri mamlaka ya kutunga kanuni, na kanuni za adhabu ya viboko zilitungwa mwaka 1979. Zilizofuata ni za mwaka 2002, zilizotangazwa kwa Tangazo la Serikali Na. 294. Kanuni hizi zinaruhusu viboko, lakini zinaviruhusu katika njia nyembamba sana.

Kwanza, viboko ni kwa utovu mkubwa wa nidhamu au kosa zito, liwe limetendwa ndani au nje ya shule, linaloweza kuiharibia shule jina. Kuchelewa, kukosa jibu ubaoni, kupata alama 30 katika jaribio au kuja bila daftari hakuwezi kuingia humo kwa tafsiri yoyote ya haki. Pili, viboko visizidi vinne kwa mara moja. Kanuni za 1979 ziliruhusu hadi sita. Tatu, ni lazima vilingane na uzito wa kosa, umri, jinsi na afya ya mtoto. Nne, mwenye mamlaka ya kuchapa ni mkuu wa shule, au mwalimu ambaye mkuu amemteua kwa maandishi. Tano, mwanafunzi wa kike huchapwa na mwalimu wa kike, isipokuwa pale ambapo shule haina mwalimu wa kike. Sita, fimbo iwe nyepesi na yenye kunyumbuka, na ipigwe kwenye kiganja au kwenye makalio yaliyofunikwa kwa nguo za kawaida. Kupiga mgongoni, kichwani, miguuni au kwenye nyayo, kupiga kwa mpira, waya, mpini wa jembe au kofi la uso, vyote viko nje ya kanuni.

Sharti la saba ndilo linalosahaulika kuliko yote, nalo ni kitabu cha adhabu. Kila mara mwanafunzi anapochapwa, jina lake, kosa lake, idadi ya viboko na jina la aliyechapa vinapaswa kuandikwa, na mkuu wa shule kutia saini. Ni daftari la kawaida lenye mistari iliyochorwa kwa rula, na thamani yake iko katika kazi linayomlazimisha mwalimu kuifanya. Anayepaswa kuandika kosa kwa maneno yatakayosomwa na mkaguzi hulazimika kujiuliza kama lina uzito wa kuandikwa. Anayepaswa kwenda ofisini kupata idhini hutembea hatua hamsini, na hasira hupungua njiani. Mkuu anayekipitia kitabu mwisho wa muhula anaona jina lile lile likijirudia mara tisa, na hapo anapaswa kutambua kwamba fimbo haijafanya kazi kwa mtoto huyo na kwamba kuna jambo nyumbani au darasani linalohitaji kuulizwa. Mwalimu anayekiuka kanuni hizi anastahili kuchukuliwa hatua za kinidhamu.

Sasa ingia katika shule nyingi ukiomba kukiona kitabu hicho. Mara nyingi hakipo, au kina kurasa chache zilizojazwa miaka iliyopita, ilhali fimbo ipo kwenye meza ya ofisi na nyingine iko kwapani mwa mwalimu anayekwenda darasani. Viboko vinavyochapwa bila kuandikwa, kwa kosa dogo, na mwalimu asiyeteuliwa, ni vingi kuliko vile vinavyofuata kanuni. Huu ndio ukweli wa kusikitisha wa nidhamu shuleni: kanuni ilifanywa nyembamba kwa makusudi, kisha mazoea yakaipanua.

Matokeo ya mazoea hayo yameonekana hadharani. Oktoba 2016 ilisambaa video ya walimu wa mazoezi wakimshambulia kwa ngumi, mateke na fimbo mwanafunzi wa sekondari jijini Mbeya, na serikali ikachukua hatua. Agosti 2018, mkoani Kagera, mtoto wa darasa la tano alifariki dunia baada ya kuchapwa shuleni, na kesi ikafika Mahakama Kuu. Matukio kama haya huitwa ya nadra, na kwa ukubwa wake ni ya nadra kweli. Hata hivyo utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika mwaka 2009 na kuchapishwa 2011 ulionyesha kwamba takriban robo tatu ya vijana, wa kike na wa kiume, walikuwa wamepata ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18, na walimu walikuwa miongoni mwa waliotajwa sana.

Inafaa kuwatendea haki walimu hapa. Mwalimu wa darasa lenye watoto mia, asiye na msaidizi, vitabu vya kutosha wala mafunzo ya unasihi, anahitaji ukimya ili aweze kufundisha, na fimbo huuleta ukimya huo kwa sekunde tano. Naye alifundishwa kwa fimbo, kama wazazi wengi wanaokuja shuleni kumwambia mwalimu, mbele ya mtoto, amchape mpaka anyooke. Ukimya huo una gharama ambayo haionekani siku hiyo. Mtoto anayeogopa kupigwa kwa kukosa jibu huacha kunyoosha mkono. Anayejua atachapwa kwa kuchelewa, akichelewa hugeukia njia ya vichakani au mtoni, na saa moja ya kuchelewa inakuwa siku nzima ya utoro. Mwalimu anayetaka kujua ni nani hajaelewa anakosa njia ya kumjua, kwa sababu darasa zima limejifunza kuitikia kwamba limeelewa.

Sheria nyingine za nchi nazo zinaibana fimbo kutoka pande nyingine. Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1991, na mkataba huo unataka nidhamu ya shule isimamiwe kwa namna inayolinda utu wa mtoto. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza mateso na adhabu za kikatili au za kudhalilisha, na inasema marudi yasiyolingana na umri na hali ya kimwili na kiakili ya mtoto hayakubaliki. Sheria hiyo haikuvifuta viboko vya shuleni, na hivyo kanuni za 2002 zinaendelea kusimama. Zanzibar, ambako elimu ya msingi na sekondari si jambo la Muungano, ina wizara yake na Sheria ya Mtoto yake ya mwaka 2011.

Kwa makosa makubwa ngazi inayofuata ni kusimamishwa masomo na, mwisho kabisa, kufukuzwa. Kanuni za mwaka 2002 kuhusu kufukuza na kuondoa wanafunzi shuleni, Tangazo la Serikali Na. 295, zinataja utovu wa nidhamu wa makusudi unaojirudia, makosa ya jinai kama wizi na kuharibu mali, dawa za kulevya, makosa dhidi ya maadili, na kuingia katika ndoa. Mtoto anayesimamishwa huenda nyumbani na barua, na hurudi na mzazi. Barua nzuri hutaja kosa, tarehe na ushahidi, na humpa mwanafunzi nafasi ya kujieleza kwa maandishi kabla kikao hakijakaa. Barua yenye neno “utovu wa nidhamu” peke yake haimwambii mzazi lolote, na ana haki ya kuuliza.

Kwa miaka mingi kipengele cha maadili kilitumika kuwafukuza wasichana waliopata mimba, hata pale mimba ilipotokana na kubakwa. Mtoto aliadhibiwa kwa yaliyompata, mara nyingi na mtu mzima ambaye hakuguswa. Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba wanafunzi waliokatiza masomo kwa sababu hiyo na nyinginezo watarudi shuleni, na Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021 ukaweka utaratibu wa kuwapokea. Mkuu wa shule anayemkataa msichana aliyejifungua na anayetaka kurudi anakwenda kinyume cha waraka huo. Maelekezo ya kujiunga ambayo bado yanaorodhesha mimba kama kosa la kufukuzwa yamepitwa na wakati na yanapaswa kuchapishwa upya.

Majirani wamekwenda mbali zaidi katika suala la fimbo. Kenya iliondoa viboko shuleni mwaka 2001, Katiba ya 2010 ikaimarisha katazo hilo, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikaweka adhabu kwa anayekiuka: faini isiyozidi shilingi 100,000, kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili. Uganda iliweka katazo katika marekebisho ya Sheria ya Watoto ya mwaka 2016. Wapo wanaodai kwamba kuondolewa kwa fimbo ndiko kulikoleta migomo na moto katika shule za bweni za Kenya. Historia haiwaungi mkono. Wasichana 26 walikufa kwa moto katika shule ya Bombolulu mwaka 1998, na wavulana 67 katika shule ya Kyanguli, Machakos, Machi 2001. Maafa hayo yalitokea katika shule zilizolelewa na fimbo. Kamati maalumu iliyoongozwa na Naomi Wangai mwaka huo wa 2001 kuchunguza nidhamu na machafuko ya wanafunzi ilihimiza unasihi na mazungumzo kati ya uongozi na wanafunzi. Baadaye Kenya ilisukuma shule za sekondari ziwe na mabaraza ya wanafunzi yenye viongozi waliochaguliwa na wenzao, badala ya viranja walioteuliwa na walimu.

Katazo la kwenye karatasi halitoshi lenyewe, na Kenya inalijua hilo pia, kwani taarifa za watoto kupigwa shuleni bado husikika. Kinachobadilisha shule kimepimwa vizuri zaidi Uganda. Katika wilaya ya Luwero, shule za msingi 42 ziligawanywa kwa bahati nasibu. Nusu zilipewa mpango wa Good School Toolkit wa shirika la Raising Voices kwa takriban miezi 18, nyingine zikasubiri. Mpango huo uliwakutanisha walimu, wanafunzi, wazazi na uongozi kutunga sheria za shule kwa pamoja, kutafuta adhabu zisizoumiza mwili, kuwasifu wanaofanya vizuri na kuunda kamati za wanafunzi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalikuwa haya: katika shule zilizosubiri, karibu asilimia 49 ya wanafunzi walisema walipigwa na mfanyakazi wa shule katika wiki iliyotangulia, ilhali katika shule za mpango walikuwa asilimia 31. Asilimia 31 bado ni watoto wengi mno. Lakini ni punguzo kubwa lililopatikana katika shule za kawaida za vijijini, zenye madarasa yaliyojaa na walimu wale wale.

Mambo yaliyofanyika Luwero yanawezekana katika shule yoyote ya Tanzania bila kusubiri bajeti. Sheria za darasa zinaweza kutungwa wiki ya kwanza ya muhula, chache, kwa Kiswahili chepesi, watoto wakichangia na zikabandikwa ukutani. Mwalimu wa darasa anaweza kumwita kando anayechelewa na kumuuliza anatoka wapi. Wapo wanaotembea kilomita kadhaa, wanaochota maji kwanza, wanaowaandaa wadogo zao kwa sababu mama ameshatoka kwenda sokoni. Dhihaka mbele ya darasa inaweza kukatazwa kama fimbo ilivyobanwa, kwa sababu mtoto anayeitwa “kilaza” mstarini haisahau siku hiyo. Na kitabu cha adhabu kinaweza kufunguliwa kesho asubuhi, kikajazwa kwa kila adhabu, ya kazi na ya fimbo, na kikasomwa kwenye kikao cha walimu kila mwezi.

Mzazi naye ana njia ya kufuata mtoto anapoadhibiwa kupita kiasi. Hatua ya kwanza ni kwa mkuu wa shule, kwa utulivu, akiomba kuona kilichoandikwa kwenye kitabu. Asiporidhika, anakwenda kwa Afisa Elimu Kata, kisha ofisi ya elimu ya halmashauri. Masuala ya kinidhamu ya walimu wa shule za umma yanashughulikiwa na Tume ya Utumishi wa Walimu. Kama mtoto ameumia, matibabu yatangulie. Polisi hutoa fomu ya PF3 kwa ajili ya hospitali, na kituo chenye Dawati la Jinsia na Watoto kinapaswa kupokea maelezo ya mtoto mwenyewe mahali pa faragha. Huduma ya simu kwa mtoto, namba 116, hupigwa bila malipo na mtoto au mtu mzima yeyote.

Mwanafunzi pia anaweza kulalamika bila mzazi. Maelekezo ya kujiunga mara chache humwambia hivyo, wala hayamtajii jina la mwalimu mlezi wala mahali pa kuandika maelezo yake. Mistari miwili ingetosha kuyaongeza, chini ya orodha ya makosa na juu ya nafasi ya saini.